Akiba haiozi: SQL Server Express kama seva ya akiba

Leo nataka tuongee kuhusu jambo ambalo wataalamu wengi wa tarakilishi hulikunjia uso: kuchukua SQL Server Express, ile aina ya bure yenye mipaka, kuiweka kwenye tarakilishi ya kawaida ya ofisini, halafu kuiita seva ya akiba. Nikilitaja mbele ya wenzangu wa kazi, wengine hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu nimeiona ikibeba kazi siku tisa mfululizo, na wakulima 1,400 wakapata pesa zao kwa tarehe waliyoizoea.

Lakini pia sitaki mtu asome hapa kisha akimbie kuipakua akidhani kazi imekwisha. Hoja yangu ni hii: kikomo si aibu, kikomo ni mkataba. Ukijua umeahidiwa nini na hukuahidiwa nini, hii ya bure inaweza kukuvusha mto. Usipojua, hata ile ya pesa nyingi itakuacha katikati ya maji.

Kuna chama cha ushirika cha maziwa huko Nyandarua ambacho nimekiandikia programu. Jina lake nitaliacha. Kila mkulima huleta maziwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kila yanapopimwa safu moja huingia kwenye hifadhidata: nambari ya mkulima, kilo, kituo, saa. Piga hesabu. Wakulima 1,400 mara mbili kwa siku, mara siku 30, ni safu 84,000 kwa mwezi, yaani milioni moja na ushee kwa mwaka. Mwezi ukiisha programu hujumlisha kilo, hukata deni la chakula cha ng'ombe, dawa na daktari wa mifugo, na tarehe 5 mkulima anapata kilichobaki. Kwa wengi wao hiyo ndiyo karo ya shule na ndiyo unga.

Seva ilikuwa moja tu, yenye SQL Server 2019 Standard. Mwaka 2022 niliwaambia kamati kwamba seva moja ni kama jicho moja: likiingia mchanga, umeshakuwa kipofu. Wakaomba bei ya seva ya pili pamoja na leseni yake. Karatasi ilipofika ikazunguka meza nzima bila mtu kutamka neno. Mwishowe mwenyekiti akaniuliza, "Kijana, hakuna njia ya mtu mwenye ng'ombe wawili?"

Nikamwambia, "Ipo mzee, lakini ina masharti."

Tuanze na masharti hayo, maana ndiyo watu huyaruka. Express ilikuja na toleo la 2005, ikachukua nafasi ya MSDE iliyokuwa na kikomo cha gigabaiti 2 kwa kila hifadhidata. Express ya 2005 iliruhusu gigabaiti 4. Ile ya 2008 R2, iliyotoka mwaka 2010, ikapanda hadi gigabaiti 10, na hapo ikakaa miaka mingi, mpaka toleo la 2025 lilipopandisha hadi 50. Sisi tulikuwa na toleo la 2019, kwa hiyo kikomo chetu kilikuwa 10.

Mipaka haiishii hapo. Express ya 2019 hutumia soketi moja ya prosesa au kori 4, kutegemea ni ipi iliyo ndogo. Kumbukumbu inayotumika kuweka kurasa za data ni megabaiti 1,410 tu, hata kama tarakilishi yako ina gigabaiti 16. Na haina SQL Server Agent, yule mtumishi anayeamka usiku kufanya kazi ulizompangia. Ukitaka kazi ifanyike saa sita usiku, utafute mtu mwingine wa kuifanya.

Watu wengi wakisikia "gigabaiti 10" hudhani wameelewa. Kuna mambo matatu ya kujua hapo. La kwanza, kikomo ni kwa kila hifadhidata, si kwa tarakilishi nzima. La pili, kinahesabu faili za data peke yake. Logi ya miamala haimo. La tatu, nalo ndilo hukwamisha wengi, kinapima ukubwa wa faili, si ukubwa wa data iliyo ndani yake. Faili ya gigabaiti 12 yenye data ya gigabaiti 6 ni gigabaiti 12 mbele ya Express, kwa sababu kurejesha nakala kunaijenga upya faili kwa ukubwa ule ule iliyokuwa nao. Itakataa, na itakataa siku ambayo huna muda wa kubishana nayo.

Faili ya ushirika ilikuwa gigabaiti 11.6. Nilipotazama ndani, sehemu kubwa haikuwa maziwa. Zilikuwa picha: vitambulisho vya wakulima, fomu za mikopo, sahihi, zote zimeingizwa ndani ya hifadhidata kama zilivyopigwa. Tulizihamishia kwenye folda, tukabakiza ndani njia ya kuzifikia tu. Miaka ya zamani tukaitenga kwenye hifadhidata ya pili, kwa kuwa kikomo ni kwa kila moja. Kisha tukaipunguza faili, tukajenga upya faharasa zilizovurugika kwa kule kupunguza, tukaishia gigabaiti 7.4. Kwa jinsi safu zinavyoongezeka, takriban megabaiti 300 kwa mwaka, tulibakiwa na yapata miaka minane. Tarehe hiyo niliiandika kwenye kumbukumbu za kamati, si kichwani mwangu.

Kabla ya kuendelea nikakagua kitu kingine. Ndani ya SQL Server kuna orodha inayoitwa sys.dm_db_persisted_sku_features, ambayo hukuonyesha kama hifadhidata yako inatumia jambo lolote linalofungamana na aina fulani ya SQL Server. Kwa mfano, Standard ya 2019 inaweza kuifunga hifadhidata nzima kwa msimbo, lakini Express haiwezi. Ukiifunga upande mmoja, nakala yake haitafunguka upande wa pili. Orodha yetu ilikuwa tupu. Tukasonga mbele.

Sasa mtambo wenyewe. Kwenye seva kuu Agent yupo, kwa hiyo yeye ndiye aliyefanya kazi nzito: nakala kamili kila usiku, na nakala ya logi kila dakika 15, kisha faili zinakiliwa kwenda kwenye tarakilishi ya mhasibu. Huko tulikuwa tumeirejesha nakala kamili mara moja kwa NORECOVERY, yaani hifadhidata iko pale lakini imefunga mlango, inasubiri logi zaidi. Ratiba ya kazi ya Windows iliamka kila dakika 15, ikaita sqlcmd, ikaongeza logi mpya iliyofika. Ule utaratibu rasmi wa kusafirisha logi haupo kwenye Express, lakini amri za kurejesha zenyewe zipo na zinafanya kazi. Ukiandika skripti yako vizuri, hutaukosa sana.

Kuna mambo madogo ambayo hayaonekani mpaka uyagonge. Express ikishawekwa haisikilizi mtandao. TCP/IP inabidi uiwashe mwenyewe, uipe poti ya kudumu, na uifungulie njia kwenye fayawoli. Sisi tuliipa poti 1433, ili programu za makarani ziipate kwa jina tu. Na jina lenyewe halikuwa la mashine. Lilikuwa jina la kazi, lililoandikwa sehemu moja kwenye DNS ya ofisi, ili siku ya kuhama tubadilishe mstari mmoja badala ya kuzunguka kwenye meza sita. Akaunti za makarani nazo tulizitengeneza mapema upande wa pili zikiwa na SID ile ile, maana bila hivyo hifadhidata inarudi na watumiaji wake wote wakiwa mayatima: majina yapo, mlangoni hakuna anayewatambua.

Halafu kuna binadamu. Tarakilishi ya mhasibu ni tarakilishi ya mhasibu. Ana barua zake, ana hesabu zake, na jioni alikuwa na desturi nzuri ya kuizima ili kuokoa umeme. Soketi yake ilikuwa ndiyo pia soketi ya birika la chai. Tuliipa soketi yake na UPS yake, tukazima ile tabia ya kulala yenyewe, tukapanga masasisho ya Windows yawe Jumapili, tukabandika karatasi juu yake: USIZIME. Na kwa sababu ndani yake sasa mlikuwa na nambari za vitambulisho na simu za watu 1,400, tuliifunga diski yake kwa BitLocker. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi kama data imeibwa kutoka kwenye seva ya bei ghali au kutoka kwenye meza ya mhasibu.

Jambo moja nililirudia kwa kamati mpaka wakachoka: seva ya akiba si nakala ya akiba. Karani akifuta kituo kizima saa nne asubuhi, dakika 15 baadaye kitakuwa kimefutika kwenye mashine zote mbili, kwa uaminifu kabisa. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia vikiingia kwenye mtandao wa ofisi, vitazipata zote mbili. Moto nao hauchagui. Kwa hiyo nakala za usiku ziliendelea kwenda kwenye diski mbili za mkononi zinazopokezana, moja ofisini na nyingine nje ya jengo. Mashine ya pili ni ya kukufanya uendelee kufanya kazi. Nakala ni ya kukurudisha jana. Ni vitu viwili.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Jumanne, tarehe 2 Mei 2023, msimu wa masika. Umeme ulikatika alfajiri, ukarudi kwa kishindo, na saa kumi na mbili na dakika kumi seva kuu ikanyamaza pamoja na UPS yake. Mimi nilikuwa Nakuru. Simu ikalia.

"Kijana wangu," mhasibu akasema, "seva haiwaki. Fundi wa umeme yuko hapa. Karatasi ninayo mkononi. Nianze?"

Hiyo karatasi ndiyo kiini cha habari hii. Kila miezi mitatu, Jumamosi mchana, tulikuwa tukifanya mazoezi ya kuhama, na aliyeshika kipanya hakuwa mimi, alikuwa yeye. Hatua kumi na moja, kwa Kiswahili cha kawaida, kila moja na kitu unachopaswa kukiona kwenye skrini. Mara ya kwanza alichukua saa mbili na nusu akinipigia simu kila hatua. Mara ya tatu alichukua dakika 25 na hakunipigia hata kidogo.

Lakini swali lake lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Ukishaifungua ile hifadhidata kwa RECOVERY, mlango wa logi umefungika. Haitapokea tena logi kutoka seva kuu. Kama seva ikiwaka baada ya nusu saa, una hifadhidata mbili, kila moja ikidai ndiyo ya kweli, na kuzirudisha pamoja ni kazi ya usiku mzima. Fundi alikuwa anasema, "Nipeni mpaka saa sita mchana." Nje foleni ya mitungi ilikuwa inaongezeka. Ng'ombe hawangoji seva, na maziwa hayangoji mtu.

Katika hali kama hiyo kila mtu ana matumaini, na matumaini ni mshauri mbaya. Ndiyo maana juu kabisa ya karatasi, kabla ya hatua ya kwanza, tulikuwa tumeandika sheria na mwenyekiti akatia sahihi: seva ikikaa dakika 60 bila kuwaka, tunahama, na hakuna wa kulaumiwa. Nikamuuliza, "Madam, ni saa ngapi sasa?" Akasema saa moja kasoro robo. "Basi subiri mpaka saa moja na dakika kumi. Kisha anza, hata fundi akisema nini."

Alianza saa moja na dakika kumi. Saa moja na dakika 40 makarani walikuwa wanaingiza kilo kwenye tarakilishi yake. Logi ya mwisho iliyofika ilikuwa ya saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo dakika kumi za kazi zilikuwa zimepotea. Zilikuwa stakabadhi 37. Vitabu vya kupimia vina karatasi ya kaboni. Wakazisoma wakaziingiza upya kabla ya chai. Kwenye mpango wetu dakika 15 ndizo tulizokubali kuzipoteza, na tulipoteza kumi. Hivyo ndivyo mkataba unavyokuwa.

Jioni jibu la seva likaja. Bodi kuu ilikuwa imeungua, na nyingine ilibidi iagizwe. Ilichukua siku tisa. Kama tungesubiri saa sita mchana, tungesubiri mpaka tarehe 11.

Katika siku hizo tisa niliijua Express kuliko miaka yote niliyoitumia kwa majaribio. Kuingiza kilo hakukuwa na tofauti yoyote. Kwa safu moja moja, megabaiti 1,410 ni nyingi. Shida ilikuwa ripoti ya malipo. Kwenye seva ilichukua dakika 4, hapa ikachukua 19, na makarani wote wanasimama wakiisubiri. Tukaigawa kwa vituo, tukaiendesha usiku wa tarehe 4, kituo baada ya kituo. Tarehe 5 asubuhi orodha ilikuwa imekamilika na malipo yakatoka. Mkulima aliyepokea pesa yake hakujua kwamba hesabu ilipigwa kwenye mashine iliyo karibu na birika.

Nakala za akiba nazo zilibadilika. Agent hayupo, kwa hiyo ratiba ya Windows ndiyo iliyoziandika kwenye diski ya mkononi. Na Express haiwezi kutengeneza nakala iliyobanwa, ingawa inaweza kuirejesha iliyobanwa na wengine. Nakala ambayo seva ilikuwa ikiiandika kwa gigabaiti 2 sasa ilikaribia 7. Kama diski yako ya mkononi imepimwa kwa nakala zilizobanwa, itajaa siku ya tatu. Yetu ilikuwa na nafasi, kwa kuwa hilo tulilikuta kwenye mazoezi.

Kurudi nyumbani kulikuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu moja: pande zote mbili zilikuwa toleo la 2019. Usiku wa tarehe 11 tukasimamisha programu, tukachukua nakala kamili kutoka Express, tukairejesha kwenye seva, tukarudisha ule mstari mmoja wa DNS, na mnyororo wa logi ukaanza upya. Saa mbili za kazi.

Hapa ndipo ninapowaonya wenzangu waliofurahia zile gigabaiti 50 za toleo la 2025. Ni kweli, Express ya 2025 itaipokea nakala ya 2019 bila kelele. Lakini SQL Server hairejeshi nakala ya toleo jipya kwenye toleo la zamani. Ukihamia kwenye Express ya 2025 siku ya dharura huku seva yako ni ya 2019, umeingia kwenye nyumba yenye mlango mmoja tu, na ni wa kuingilia. Seva ikipona, hutaweza kuirudishia data kwa nakala ya kawaida. Utaanza kunakili jedwali moja moja. Kama unazitaka zile 50, pandisha seva kuu kwanza, kisha akiba. Au kaeni toleo moja, mpunguze picha.

Kamati ilipokutana mwezi uliofuata, mjumbe mmoja aliuliza: ikiwa ya bure imetubeba siku tisa, tunalipia Standard ya nini? Swali la haki. Nikamjibu kwamba gari la majirani linaweza kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, lakini huwezi kulifanya matatu ya kila siku. Express ilitubeba kwa kuwa makarani walivumilia, ripoti iligawanywa, picha mpya zilisimamishwa, na mtu mmoja alikuwa akitazama ukubwa wa faili kila asubuhi. Hayo unaweza kuyafanya siku tisa. Miezi tisa watu wanachoka, na wakichoka wanaacha kutazama.

Kwa hiyo kama una Express imelala kwenye kona ya ofisi yako na umeiita seva ya akiba, nina ombi moja. Jumamosi hii irejeshee nakala ya jana, lakini usishike kipanya wewe. Mpe karatasi mhasibu, karani, au yeyote atakayekuwepo siku ambayo wewe uko safarini, kisha kaa kando na saa. Hatua atakayokwama ndiyo ya kurekebisha kwanza, kabla ya kununua kitu chochote.

Kwa leo naishia hapo. Tuonane wakati mwingine.